Nani Anayeipa Picha Maneno? Historia ya Filamu na Mwanafunzi wa Shule ya Msingi katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya uhusiano kati ya filamu na mwanafunzi wa shule ya msingi katika eneo la mpaka wa Kenya na Uganda linalozunguka miji ya Busia, Malaba na Tororo. Vipindi vitatu vinajadiliwa: sinema ya kikoloni ya kati ya 1935 na 1955, vibanda vya video vilivyoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na filamu zinazotengenezwa na wanafunzi wenyewe katika karne hii. Hoja ya makala ni kwamba katika vipindi viwili vya mwanzo picha ilitoka kwa mtu mmoja na maneno yakatoka kwa mwingine, na mtoto hakuwa na sehemu katika lolote kati ya hayo mawili. Kipindi cha tatu kinampa nafasi ya kuvishika vyote viwili, ila nafasi hiyo inaweza kupotea iwapo sera zitajali vifaa na kusahau sauti, lugha na ridhaa. Makala inahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera wa nchi zote mbili.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu filamu shuleni katika Afrika Mashariki umeelemea upande wa vifaa. Huulizwa ni vishikwambi vingapi vimegawiwa, ni shule ngapi zimeunganishiwa umeme, na ni walimu wangapi wamefunzwa kuvitumia. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Mtoto anaweza kushika kamera na bado akawa anasimulia hadithi ya mtu mwingine, kwa maneno aliyowekewa kinywani. Kinyume chake, mtoto asiye na kamera anaweza kuwa ndiye mwenye hadithi ambayo wengine wote wanaitegemea. Kwa sababu hiyo makala hii inaanza na swali jingine: picha inapoonyeshwa, maneno yanayoambatana nayo ni ya nani, na ni ya lugha gani?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika shule za vitongoji vya miji ya mpakani. Shule ya kijijini aghalabu hupokea watoto wa jamii moja au mbili zinazoelewana. Shule iliyo pembezoni mwa mji wa mpakani hupokea watoto wa madereva wa malori, wachuuzi, wabadilishaji fedha, watumishi wa forodha, wakulima wa viunga vya mji na waendesha bodaboda. Wanaingia darasani na lugha nyingi, na wengine wamelala usiku uliopita upande wa pili wa mpaka. Filamu inayotengenezwa katika shule ya namna hiyo haiwezi kukwepa uamuzi wa lugha.

Makala imejengwa juu ya sheria, mitaala na maandishi yaliyochapishwa kuhusu historia ya filamu na elimu katika ukanda huu. Haiichunguzi shule moja mahususi. Inaangalia mazingira ya kihistoria ambamo shule yoyote ya msingi ya eneo hili hujikuta pale mwalimu anapowaambia wanafunzi wake watengeneze filamu.

2.0 Mpaka, vitongoji na lugha za darasani

Mpaka tunaouzungumzia una asili ya kiutawala. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na mstari kati ya himaya hizo mbili ukasogea magharibi. Amri ya mwaka 1926 iliufafanua mpaka huo kwa kufuata, miongoni mwa alama nyingine, mito ya Sio na Malaba. Mito hiyo haikuwa mipaka ya jamii. Wasamia waliachwa pande zote mbili, na Waiteso vilevile. Kwa upande wa Kenya, Busia ina Wakhayo, Wamarachi, Wanyala, Wasamia, Waiteso na Wajaluo. Kwa upande wa Uganda, kuna Wagwe, Wasamia na Waiteso, na kuelekea Tororo kuna Wajopadhola.

Miji yenyewe ilikua kwa sababu ya njia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli iliyopitia Eldoret ilifika Tororo, na kutoka hapo tawi likaelekea Mbale na Soroti. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha saruji cha Tororo kilivuta wafanyakazi kutoka mbali, nao wakajenga makazi pembezoni mwa mji. Busia, kwa upande wake, ilikua kwa biashara ya kuvuka. Hata neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, husemwa na wengi kuwa limeanzia hapa, kwa waendesha baiskeli waliowabeba abiria na mizigo yao kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997 ilipopewa wilaya yake. Mwaka 2018 marais wa nchi hizo mbili walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambacho msafiri hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili.

Ukaguzi wa bidhaa na wasafiri umeunganishwa, lakini sera za lugha hazijaunganishwa. Nchini Uganda, Gavana Gowers alipendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala. Pendekezo hilo lilipingwa vikali, akiwemo Kabaka Daudi Chwa mwaka 1929. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, jambo ambalo halikufuatwa na mpango imara wa kukifundisha shuleni. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na katiba ya mwaka 2010 ikakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Matokeo yake yanaonekana darasani. Mtoto wa Busia upande wa Kenya amesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza, na katika maeneo ya mijini huenda ndicho kilichotumiwa kumfundishia katika miaka ya mwanzo. Mwenzake wa upande wa Uganda anakifahamu zaidi kutoka sokoni, barabarani na redioni kuliko daftarini. Wote wawili wanakisema, ila mmoja amefundishwa kukiandika na mwingine hajafundishwa. Tofauti hii ndogo ndiyo inayoamua nani ataandika mswada wa filamu pale watoto hawa watakapokaa pamoja.

3.0 Mwanafunzi kama mtazamaji: 1935 hadi 1955

Jaribio kubwa la kwanza la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa ukanda huu lilikuwa lile lililojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Liliendeshwa kati ya 1935 na 1937 chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani na udhamini wa International Missionary Council. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu 35 zilitengenezwa na kuonyeshwa katika ziara zilizopita Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mada zilikuwa za mafunzo: akiba ya posta, kodi, ngozi za mifugo, malaria ya watoto, minyoo ya safura.

Kinachoihusu hoja yetu ni namna sauti ilivyoshughulikiwa. Filamu zilipigwa bila sauti, na maelezo yakarekodiwa pembeni katika santuri, ili picha ileile iweze kuambatana na Kiswahili mahali pamoja na lugha nyingine mahali pengine. Kiufundi, huu ulikuwa ubunifu wa kusifiwa. Ulipunguza gharama na ukakiri kwamba watazamaji hawana lugha moja. Lakini uliweka pia mpangilio ambao ungedumu kwa muda mrefu. Waafrika walionekana kwenye kitambaa cheupe wakilima, wakiugua na kupona, na hawakusikika wakisema. Aliyesema ni msimulizi, na msimulizi alisema yale yaliyoandikwa na mwenye mradi.

Colonial Film Unit, kilichoanzishwa mwaka 1939 chini ya uongozi wa William Sellers, kiliuendeleza mpangilio huo kwa njia nyingine. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha za polepole, zisizo na ufundi mwingi wa uhariri. Filamu zilisafirishwa kwa magari ya sinema, na karibu na mashine alisimama mfasiri mwenye kipaza sauti, akiwaeleza watu kwa lugha yao kile wanachokiona. Kitengo hicho kilifungwa mwaka 1955, lakini desturi ya gari la sinema iliendelea katika idara za habari za serikali hata baada ya uhuru. Sinema ilionyeshwa usiku mahali pa wazi, na viwanja vya shule vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofaa. Kwa mtoto, hiyo ilikuwa shule ya pili yenye mwalimu asiyeulizwa maswali.

Tusimdharau mfasiri huyo. Ndiye aliyekuwa mtu pekee katika mnyororo mzima aliyewajua watazamaji kwa karibu. Angeweza kufupisha, kuongeza mzaha, au kukwepa neno ambalo lingewaudhi wenyeji. Kwa kiasi fulani filamu aliyoiona mtoto ilikuwa ya mfasiri kuliko ilivyokuwa ya mtengenezaji. Hata hivyo, mamlaka yake yaliishia pale picha ilipoishia: hakuweza kuonyesha kitu ambacho kamera haikukipiga.

Jambo moja zaidi linafaa kutajwa, kwa kuwa linahusu Busia moja kwa moja. Minyoo ya safura, iliyokuwa mada ya filamu Tropical Hookworm ya Vugiri, ilirudi katika historia ya eneo hili miaka sitini baadaye. Kuanzia mwaka 1998 shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, zilihusishwa katika mradi wa dawa za minyoo uliochunguzwa na wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer. Utafiti huo ulipata umaarufu duniani kote, na Kremer alikuwa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi ya majaribio ya aina hiyo. Dawa hizo zilikuwa na manufaa, na hatuna nia ya kuyabeza. Tunachokisema ni kwamba watoto wa Busia ni miongoni mwa watoto waliopimwa na kuandikwa zaidi katika maandishi ya maendeleo, ilhali katika maandishi hayo wanajitokeza kama tarakimu. Shule inayowapa nafasi ya kujieleza wenyewe, kwa picha na kwa maneno yao, inajaza pengo ambalo takwimu haziwezi kulijaza.

4.0 Mwanafunzi kama msikilizaji wa mfasiri: enzi ya vibanda

Kaseti za video zilivunja ukiritimba wa serikali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 vibanda vya kuonyeshea video vilienea Uganda, kisha vikawa sehemu ya maisha ya miji midogo ya Afrika Mashariki nzima. Filamu zilikuwa za Hong Kong, Marekani na India, na baadaye za Nigeria. Watazamaji wengi hawakuzielewa lugha zake, na hapo ndipo mfasiri alipofufuka kwa jina jipya la VJ. Nchini Uganda VJ alizungumza zaidi kwa Kiganda. Nchini Tanzania, Lufufu alijipatia jina kwa Kiswahili chake. Nchini Kenya, DJ Afro alichanganya Kiswahili na lugha ya vijana wa mitaani. Busia na Tororo ziko pale mapokeo hayo ya Kiganda na ya Kiswahili yanapopakana.

Kuna tofauti kubwa kati ya mfasiri wa gari la sinema na VJ. Wa kwanza aliajiriwa aieleze filamu ya serikali, naye wa pili aliuza sauti yake mwenyewe. VJ aliwapa wahusika wa kigeni majina ya wenyeji, akawatembeza katika mitaa inayojulikana, na akawakosoa kwa niaba ya watazamaji. Kwa mtoto aliyepenya kibandani, mara nyingi bila idhini ya mzazi, funzo lilikuwa hili: picha inaweza kutoka popote, na bado hadithi ikawa ya hapa.

Ushahidi bora wa funzo hilo ni studio iliyozaliwa katika kitongoji cha Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa bajeti ndogo na vifaa vya kujiundia. Sauti ya VJ imo ndani ya filamu hiyo, nayo imeendelea kusikika katika nakala zilizosambaa duniani. Mfasiri ameacha kusimama kando ya mashine na ameingia katika kazi yenyewe. Watoto wa kitongoji hicho wamefunzwa kuigiza na kuonekana katika kazi za studio hiyo. Hiyo ni dalili kwamba kitongoji, na si katikati ya mji peke yake, kinaweza kuwa mahali pa kutengenezea filamu.

Hata hivyo, enzi ya vibanda haikumfanya mwanafunzi kuwa mwandishi. Shule na kibanda zilikuwa maadui. Mwalimu alikiona kibanda kama chanzo cha utoro na matusi, na mara nyingi alikuwa na sababu. Kwa hiyo ujuzi wa kusikiliza, kutafsiri na kuisimulia upya picha, ambao watoto wa mpakani walikuwa wanaupata kwa wingi, haukuingia darasani. Ulibaki nje ya lango la shule.

5.0 Mwanafunzi kama mtengenezaji

Mabadiliko yalikuja kwa njia tatu. Ya kwanza ni warsha za kiraia. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair mwaka 2004, iliwapa vijana wa Afrika Mashariki mafunzo mjini Kampala. Jijini Nairobi, Lola Kenya Screen, chini ya Ogova Ondego, ilianza mwaka 2006 kama tamasha la filamu za watoto ambamo watoto wenyewe hufunzwa kutengeneza filamu na kuzitathmini za wengine. Huko Kibera, Hot Sun Foundation ilijenga shule ya filamu kwa vijana wa mtaa huo. Warsha hizi zilithibitisha kwamba watoto na vijana wanaweza kumaliza filamu fupi yenye mwanzo na mwisho. Udhaifu wake ni kwamba zilikuwa za miji mikuu.

Njia ya pili ni tamasha la maigizo la shule na vyuo la Kenya, lililoanza mwaka 1959. Katika muongo wa 2010 tamasha hilo lilifungua mlango kwa filamu, na leo linaitwa Tamasha la Kitaifa la Maigizo na Filamu. Umuhimu wake kwa Busia ni wa kimfumo. Shule ya msingi ya kitongojini haihitaji kualikwa Nairobi na mfadhili, bali inaweza kupanda ngazi kwa ngazi, kutoka kata hadi kaunti, kisha kanda ya Magharibi, kisha taifa. Nchini Uganda tamasha la shule za msingi limejengwa juu ya muziki, ngoma na maigizo, na hazina hiyo ya utendaji inaweza kuwa msingi wa filamu pale itakapopewa nafasi.

Njia ya tatu ni mtaala na vifaa. Mwaka 2016 Kenya ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, na mwaka 2019 Mtaala wa Umilisi ulianza kutekelezwa kitaifa. Ujuzi wa kidijitali, ubunifu na mawasiliano ni miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi unaotajwa na mtaala huo. Kwa mara ya kwanza mwalimu anayetaka kutengeneza filamu na wanafunzi wake ana kifungu cha mtaala cha kukitaja mbele ya mwalimu mkuu.

Hapa ndipo inapobidi kuiangalia kazi yenyewe. Filamu ya wanafunzi hupitia hatua nne: kubuni na kuandika, kuigawa hadithi katika picha, kurekodi, na kuhariri. Hatua inayoangusha filamu nyingi za namna hii ni sauti. Simu ya kawaida hupiga picha inayoridhisha, lakini kipaza sauti chake hukusanya kila kitu: upepo, honi za malori yaliyopanga foleni kuelekea forodhani, mvua juu ya bati, na kelele za darasa la jirani. Maneno ya mtoto humezwa. Njia nyepesi ya kutokea ni kuifuta sauti iliyorekodiwa na kuweka juu ya picha sauti ya msimulizi mmoja, na mara nyingi msimulizi huyo ni mwalimu, au ni mwanafunzi anayesoma maelezo yaliyoandikwa na mwalimu.

Msomaji atakuwa ametambua mpangilio huo. Ndio ule wa Vugiri: watoto wanaonekana, mtu mzima anasikika. Hakuna aliyekusudia hivyo, na mwalimu anafanya analoweza kwa kifaa alichonacho. Lakini historia inatufundisha kwamba mipangilio ya kiufundi hubeba mahusiano ya mamlaka hata pale watu wasipoyataka. Kinasa sauti kidogo kinachobandikwa kwenye kola ya mtoto kinaweza kubadilisha umiliki wa hadithi kuliko kishikwambi cha pili au cha tatu.

Lugha nayo hufuata sauti. Watoto wanaporekodiwa wakizungumza wenyewe, mazungumzo ya mpakani hujitokeza jinsi yalivyo: salamu kwa Kisamia, bei kwa Kiswahili, kumjibu mwalimu kwa Kiingereza, utani kwa Kiteso. Waamuzi wa tamasha waliozoea lugha moja katika kazi moja wanaweza kuuona mchanganyiko huo kuwa kasoro, ilhali kwa mwanahistoria ni kumbukumbu ya thamani. Msimamo wa makala hii ni kwamba Kiswahili kiwe uti wa mgongo wa filamu hizi, kwa kuwa ndicho kinachoeleweka pande zote mbili, na lugha nyingine zipewe nafasi yake zikifuatana na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Kazi ya kuandika maandishi hayo ni ileile ya mfasiri wa zamani, isipokuwa sasa inafanywa na mtoto, na inamfundisha tahajia na muhtasari kwa wakati mmoja. Kwa mwanafunzi wa upande wa Uganda, inaweza kuwa daraja kutoka Kiswahili cha sokoni hadi Kiswahili cha kuandika.

6.0 Sheria mbili, mtoto mmoja

Filamu ya wanafunzi huvuka mpaka kwa urahisi kupitia simu. Sheria hazivuki nayo. Nchini Kenya, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani iliyotungwa mwaka 1962 inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani, na upangaji wa madaraja ya filamu umekabidhiwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Nchini Uganda, Sheria ya Vyombo vya Habari na Wanahabari ya mwaka 1995 inalipa Baraza la Vyombo vya Habari jukumu la kukagua filamu na michezo ya kuigiza. Sheria hizi hazikutungwa kwa kumfikiria mtoto wa darasa la sita. Shule mbili, moja ya kila upande, zikitaka kutengeneza filamu moja kuhusu soko lao la pamoja, zitajikuta chini ya mamlaka mbili zisizo na utaratibu wa kutambuana katika jambo hili.

Kwa upande wa ulinzi wa mtoto, nchi hizi mbili zinakaribiana zaidi. Zote zilipitisha sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, na zote zinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto. Sura na sauti ya mtoto katika filamu ni taarifa binafsi. Kenya ina pia Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Jambo gumu ni la kiutendaji. Mtoto anayesoma upande mmoja na kuishi upande mwingine ana mzazi aliye chini ya mamlaka nyingine, na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria haimsaidii mzazi huyo kuelewa anachokiridhia.

Suala la nani ana haki ya kuzuia hadithi ya mwanafunzi si la kinadharia. Mwaka 2013 Shule ya Wasichana ya Butere, katika kaunti jirani ya Kakamega, ilizuiwa kuonyesha mchezo wa Shackles of Doom katika ngazi ya kitaifa, hadi Mahakama Kuu ilipoamua kwamba uonyeshwe. Mwaka 2025 mchezo mwingine wa shule hiyohiyo, Echoes of War, ulizua mvutano mkubwa katika tamasha la kitaifa mjini Nakuru. Hiyo ilikuwa michezo ya jukwaani ya shule ya sekondari, iliyotayarishwa kwa msaada wa watu wazima, na watu wanaweza kutofautiana kuhusu ubora wake. Lakini inaonyesha kwamba mara kazi ya wanafunzi inapogusa mambo ya umma, huulizwa kwanza nani amewatuma, na mara chache huulizwa wamesema nini. Shule za msingi zinazoingia katika filamu zinaingia katika uwanja huohuo, na zinahitaji utaratibu unaojulikana mapema.

Janga la Uviko-19 lilionyesha gharama ya kutokuwa na mpango wa pamoja. Shule za nchi zote mbili zilifungwa Machi 2020. Kenya ilizifungua kwa madarasa yote Januari 2021. Uganda ilifungua kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na wanafunzi wote walirudi Januari 2022. Kwa miezi mingi mtoto wa upande mmoja wa Mto Sio alikuwa darasani na binamu yake wa ng'ambo alikuwa nyumbani. Masomo ya video na redio yalitolewa kila upande kwa mtaala wake. Kazi fupi za watoto kwa watoto, zilizotengenezwa kwa lugha ya pamoja, zingeweza kuwa njia mojawapo ya kuwafikia waliobaki nyumbani, lakini hapakuwa na mfumo wa kuzikusanya wala wa kuzitambua.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia hii fupi inaonyesha mwendo wa hatua tatu. Kwanza mtoto alitazama picha iliyosemewa na dola. Kisha akasikiliza picha ya kigeni ikisemewa na VJ wa karibu naye. Sasa anaweza kupiga picha na kuisemea mwenyewe. Hatua ya tatu haijakamilika. Inaweza kurudi nyuma iwapo sauti ya mtu mzima itafunika ya mtoto, iwapo lugha itaamuliwa na waamuzi wa tamasha peke yao, au iwapo woga wa kibali utawafanya walimu wachague mada zisizogusa maisha ya wanafunzi wao.

Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, wizara za elimu za nchi zote mbili, zinapopanga bajeti ya vifaa vya ubunifu, zitenge fungu la vinasa sauti na mafunzo ya kurekodi mazungumzo, badala ya kuishia kwenye skrini. Pili, mamlaka za filamu za Kenya na Uganda zikubaliane juu ya utaratibu mwepesi usio na malipo kwa filamu za shule za msingi zisizo za biashara, na kibali cha upande mmoja kitambuliwe na upande wa pili. Tatu, fomu ya ridhaa iandaliwe kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha za eneo hili, ikimweleza mzazi mahali filamu itakapoonyeshwa na jinsi ya kuomba iondolewe, nayo ithibitishwe na mtoto mwenyewe. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ianzishe hifadhi ya filamu za wanafunzi, na tamasha la utamaduni la Jumuiya, JAMAFEST, liwe na kipengele cha filamu za shule za mipakani.

Pendekezo la nne lina sababu ya kihistoria. Kati ya filamu 35 za Vugiri ni chache tu zilizosalia, na santuri zilizobeba sauti za lugha za Kiafrika ni adimu zaidi kuliko picha zenyewe. Filamu za wanafunzi wa leo zimo katika simu za walimu, na simu hupotea, huuzwa, hujaa na kufutwa. Mtafiti atakayetaka kujua miaka hamsini ijayo jinsi watoto wa Busia na Tororo walivyozungumza, walivyocheka na walivyouona mpaka wao, atategemea uamuzi tunaoufanya sasa kuhusu nini kihifadhiwe. Sheria, takwimu na taarifa za miradi zitakuwapo kwa wingi, kama zilivyokuwapo siku zote. Sauti za watoto wenyewe zitakuwapo iwapo tu tutaanza kuzihifadhi sasa.